Baba anauliza: ukisoma American Studies utakuwa nani?

Swali: "Shikamoo Profesa. Nilimaliza digrii ya fasihi mwaka jana na sasa nimepata nafasi ya PhD kwenye idara ya American Studies, yaani masomo ya Marekani, fasihi, historia na utamaduni wake kwa pamoja, chuo kimoja cha mashariki mwa Marekani, ada wanalipa wao na posho wanatoa. Shida ni baba. Kila siku ananiuliza, sasa wewe utakuwa nani? Mwalimu wa fasihi, mwanahistoria, mtu wa siasa? Na mimi nikikaa peke yangu naona sina jibu. Profesa wa fasihi aliyejenga maisha yake huko anafanya nini hasa, na hiyo kazi inajengwaje? Na je, nitakula?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera sana, maana nafasi yenye ada na posho siku hizi si kitu cha kuokota njiani. Na baba msalimie, mwambie swali lake ndilo hilo hilo ambalo watu wa fani hii wanaulizana wenyewe kwa wenyewe tangu kabla mimi sijazaliwa, na kuna mzee mmoja mkubwa wa fani aliliandikia insha nzima, nitakueleza.

Jibu la haraka ni kwamba utakuwa msomaji. Profesa wa fasihi popote alipo ni mtu anayesoma polepole na kuona kile ambacho wengine wamekipita, hiyo ndo kazi yetu na ndo tunacholipwa. Ila mwenzako wa idara ya Kiingereza akimaliza riwaya anashika riwaya nyingine, wewe wa American Studies unamaliza riwaya unakuta kuna kitu kimekukwama kooni, na dawa yake haimo kwenye riwaya, imo kwenye daftari la mizigo la meli, au kwenye picha ya zamani, au kwenye hukumu ya mahakama, au kwenye nyimbo za kanisani, basi unaifuata huko huko iliko na unajifunza lugha ya huko. Huko ndiko kuchanganya fani. Wengi wanadhani ni kujua kidogo kidogo cha kila kitu, siyo hivyo kabisa, ni swali moja limekushika mkono limekutoa nje ya idara yako.

Ngoja nikupe langu, maana hili jambo ukilielezea kwa jumla jumla halieleweki.

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha tulikuwa tunasoma darasani Little Women, riwaya ya Louisa May Alcott ya mwaka 1868, ile ya mabinti wanne wa Massachusetts, baba yao kaenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na mama anahangaika nao nyumbani. Kuna yule Beth, mpole, mwenye haya, anayependa muziki kuliko kitu chochote, mzee jirani tajiri anampa piano ndogo iliyokuwa ya mjukuu wake aliyefariki. Alcott anakuonyesha ile piano kila kipande, pa kuwekea mishumaa, hariri ya kijani, na mwisho Beth anavigusa kwa upendo vile vibao vizuri vyeusi na vyeupe. Ni sehemu inayoliza watu, mi mwenyewe inaniliza. Sasa mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza vile vyeupe vimetengenezwa na nini. Nikamwambia pembe ya ndovu. Akauliza, ya kutoka wapi?

Nikanyamaza. Mimi mtoto wa mkoa wa Tanga, bibi yangu mzaa mama ni wa Pangani, ambako misafara ya pembe ilikuwa inashukia pwani, nimesimama mbele ya watoto wa Kimarekani nimeulizwa pembe inatoka wapi na sina cha kusema kwa sababu miaka yote nilifundishwa kwamba hilo siyo swali la fasihi.

Basi nikaanza kufuata. Kuna miji miwili midogo jimbo la Connecticut, karibu na mto wenye jina hilo hilo, mmoja unaitwa Deep River na mwingine Ivoryton, na hilo jina la pili maana yake ni mji wa pembe, hawakuficha. Kuanzia miaka ile ya 1860 ambayo Alcott anaandika, viwanda vya pale ndo vilikuwa vinakata pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Vipande wanavipanga kwenye vibanda virefu vya vioo, mfano wa vile vya kuoteshea mboga, vinapigwa jua hadi viwe vyeupe pe. Na pembe nyingi za huko zilipitia Zanzibar. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto yeyote wa Massachusetts aliyekaa kwenye piano miaka ile, vidole vyake vilikuwa vinagusa kitu kilichotoka bara letu, kikabebwa begani na mpagazi kwa miguu, tuseme Tabora mpaka Bagamoyo, wiki nyingi njiani.

Na huyo mpagazi alilipwa nini? Hapa ndo niliposhika kichwa. Alilipwa kitambaa kinachoitwa marekani. Wewe na mimi tunalijua hilo neno toka utotoni, bibi alikuwa ananituma, "niletee kile kipande cha marekani," kitambaa kigumu, cheupe cha kuchafuka, alikuwa anafunikia unga wa vitumbua usiku uumuke. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kitambaa kinaitwa jina la nchi. Kumbe Marekani na Sayyid Said waliwekeana mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Zanzibar, mfanyabiashara wa mji wa Salem aitwaye Richard Waters, na meli za Salem zikawa zinashusha marobota ya kitambaa cha viwanda vya Massachusetts na kupakia pembe, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kikaenda bara kikawa hela kabisa, mishahara inahesabiwa kwa mikono na doti, vile vipimo vya kitambaa, hongo kwa watemi inalipwa kwa doti. Na pamba ya kile kitambaa ililimwa Kusini mwa Marekani na watumwa.

Sasa rudi kwa Beth. Baba yake yuko kwenye vita, na vita vile chanzo chake ni utumwa. Vita vikakata pamba, na pamba ilipokatika, kitambaa cha Marekani kikaadimika Zanzibar. Na piano iko sebuleni. Vyote hivi vimo ndani ya kile chumba, na riwaya haisemi hata neno moja. Swali langu la miaka kumi na kitu likawa ni hilo, riwaya za New England, kule kaskazini mashariki mwa Marekani, zinawezaje kutuonyesha kila kitu cha sebuleni, mpaka rangi ya hariri, halafu zisione kitu kilipotoka? Ukiangalia vizuri hilo ni swali la fasihi, linahusu jinsi sentensi inavyoangalia na inavyopitisha macho pembeni. Lakini huwezi kulijibu kwa kusoma riwaya tu.

Nikakosea pia, na hili nakuambia kwa sababu litakukuta. Makala yangu ya kwanza niliandika kwa ujasiri kwamba kila mahali vitabu vya safari vinapotaja marekani hicho ni kitambaa cha Massachusetts. Nikampa mwanahistoria mmoja wa idara ya jirani aisome, bahati nzuri kabla sijaituma kwenye jarida. Alinirudishia na duara la kalamu nyekundu juu ya sentensi moja ya miaka ya 1880. Akaniambia, mwenzangu, viwanda vya Bombay viliiga kile kitambaa na kuanza kukileta kwa wingi, kufikia mwishoni mwa karne ya 19 kingi kilichouzwa pwani kwa jina hilo kilitoka India. Neno lilibaki pale pale, kitambaa kikabadilika chini yake. Mimi mtu wa maneno niliamini neno. Nikakaa muhula mzima na vitabu vya biashara ya Bahari ya Hindi, hesabu, bei, majina ya wafanyabiashara wa Kihindi, vitu ambavyo sikuwahi kudhani nitasoma, na makala ilipotoka ilikuwa ni makala nyingine kabisa na nzuri zaidi. Ukiingia nyumba ya watu, mdogo wangu, unavua viatu mlangoni. Usiende kwenye historia au anthropolojia kama mtalii kuokota mfano mmoja wa kupendeza na kuondoka nao.

Lakini na wewe una chako cha kuwapelekea. Shajara za huyo Waters zipo, wanahistoria wamezitumia miaka mingi kujua meli ipi imefika lini na imebeba nini. Alikuwa mtu wa dini sana, ana kurasa anaandika anavyowahurumia watumwa aliowaona, halafu zamu ya biashara inafika na sauti inabadilika, sentensi zinakuwa fupi, za hesabu, kama zimeandikwa na mtu mwingine. Mwanahistoria anaziweka zile kurasa za huruma upande mmoja na za hesabu upande mwingine. Mimi kazi yangu ni kukaa pale katikati, kwenye mstari ule ambao mtu anatoka kwenye machozi anaingia kwenye marobota, nione lugha inamsaidiaje kuvuka. Hilo hakuna aliyenifundisha kwenye historia, nililitoa kwenye fasihi, na nilipolisema kwenye semina ya wanahistoria walinyamaza wakaanza kuandika. Siku hiyo nilijua nina kazi.

Haya, sasa kuhusu fani yenyewe na waliotutangulia, maana utakutana nao kwenye mitihani.

Kuna hadithi moja lazima uijue. Perry Miller, profesa wa fasihi wa Harvard, mmoja wa wanaohesabiwa waasisi, aliandika kwenye utangulizi wa kitabu chake cha 1956 kwamba wazo la kuieleza Marekani lilimjia akiwa kijana, miaka ya 1920, wapi? Matadi. Bandari ya Matadi, Kongo, ukingoni mwa mto, akiwa anasimamia upakuaji wa mapipa ya mafuta yaliyotoka Marekani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kutembea. Miaka karibu 40 ikapita tangu kitabu hicho watu wanaisoma kama hadithi ya kusisimua ya kijana baharia, mpaka Amy Kaplan, naye profesa wa Kiingereza, alipoirudia mwaka 1993 kwenye insha ya kufungulia kitabu alichohariri na Donald Pease kuhusu tamaduni za ubeberu wa Marekani. Akauliza kwa nini Afrika inatumika pale kama ukuta mtupu wa kumwonyesha Mmarekani sura yake, na kwa nini fani nzima ilijifunza kuitazama Marekani kana kwamba iko peke yake duniani. Insha ile imebadilisha fani. Na ukiangalia alichofanya ni kile kile ninachokuambia, alisoma ukurasa mmoja polepole. Kwa hiyo mtu akikuuliza huko, na watakuuliza, binti wa Kitanzania unatafuta nini kwenye mambo ya Marekani, mwambie yameanzia kwetu.

Mwingine ni Henry Nash Smith, huyo ndo mzee niliyekutajia mwanzoni, na maisha yake ni mfano mzuri wa swali lako la kazi inajengwaje. Alizaliwa Dallas 1906, akaanza kufundisha Kiingereza pale pale kwao Texas mwaka 1927, kisha akaenda Harvard kwenye programu mpya ya historia ya ustaarabu wa Marekani, na mwaka 1940 akawa mtu wa kwanza kabisa kupata PhD ya programu hiyo. Angalia alichofanya, alichukua fasihi ya heshima akaiweka pamoja na vile vijiriwaya vya senti kumi vya wachunga ng'ombe ambavyo maprofesa wenzake wasingevigusa, akaweka na hotuba za bungeni na sheria za ardhi, akauliza Wamarekani walikuwa wanaiota vipi ile nchi ya magharibi. Kitabu kikatoka 1950, Virgin Land, na kikapata tuzo ya Bancroft, tuzo ya historia, na mwenyewe ni mtu wa idara ya Kiingereza. Alipita Minnesota, akaishia Berkeley, akawa mlezi wa karatasi za mwandishi Mark Twain. Mwaka 1957 aliandika ile insha niliyoitaja, kichwa chake chenyewe ni swali, je, American Studies inaweza kuwa na mbinu yake? Na jibu lake lilikuwa la uungwana, kwamba mbinu iliyokamilika hamna, mtu aanze na tatizo lake na avuke mipaka inapobidi.

Ila ninachompendea zaidi ni cha mwisho. Mwaka 1986, mwaka ule ule aliofariki, ilitoka insha yake anakirudia kitabu kilichompa jina miaka 36 nyuma na kukiri kwamba aliichukua bila kuihoji ile dhana kwamba bara lilikuwa tupu, kwamba wenyeji wa asili hakuwaona wanavyostahili kuonekana. Mzee wa miaka karibu 80, hakuna aliyemlazimisha. Ukitaka kumjibu baba yako utakuwa nani, mwambie unataka kuwa mtu wa namna hiyo.

Wengine nawapitia haraka. Janice Radway kwenye miaka ya 1980 aliacha kubishana kama riwaya za mapenzi ni takataka au la, akaenda kukaa na akina mama wanaozisoma, mji mmoja wa katikati mwa Marekani, akawauliza maswali kama mwanaanthropolojia, na kitabu cha 1984 kikawafundisha watu kumheshimu msomaji. Shelley Fisher Fishkin mwaka 1993 alionyesha kwamba sauti ya Huck Finn, yule mvulana mzungu wa riwaya ya Mark Twain anayesifiwa kuwa ndo sauti halisi ya Kimarekani, ina deni kubwa kwa mtoto mweusi ambaye Mark Twain alikutana naye na kuandika habari zake gazetini mwaka 1874, na baadaye huyo huyo Fishkin akiwa Stanford akaingia kwenye mradi mkubwa wa kuwatafuta Wachina waliojenga reli ya kuvuka bara iliyokamilika 1869, maelfu ya watu, na hawajapata hata barua moja iliyoandikwa na mmoja wao kutoka kwenye ile kazi. Sasa profesa wa fasihi bila maandishi atafanya nini? Kuna picha, kuna mishahara iliyoandikwa kwenye vitabu vya kampuni, kuna vipande vya bakuli vilivyochimbuliwa kwenye kambi zao. Wanasoma hivyo.

Tuje kwenye ugali.

PhD yako itachukua miaka mitano mpaka saba. Miwili ya mwanzo ni darasani, halafu mitihani mikubwa ambayo unatengeneza orodha za vitabu, mara nyingi fani tatu, na hapa naomba unisikie vizuri, hakikisha moja ya hizo tatu ni fasihi kabisa, fasihi ya karne fulani, siyo "utamaduni" kwa jumla. Siku ukitafuta kazi, nafasi zinazotangazwa kwa jina la American Studies ni chache mno, wengi wetu tumeajiriwa na idara za Kiingereza, za historia, au za masomo ya watu weusi, na wao wanataka kujua utaweza kufundisha kozi zao za Jumatatu asubuhi. Uwe na nyumba moja yenye paa. Kutembelea kwa majirani tembelea upendavyo lakini usiku ujulikane unalala wapi.

Baada ya hapo ukipata kazi unaanza kama profesa msaidizi, na kwa kawaida mwaka wa sita faili lako linafunguliwa, kitabu chako, makala, maoni ya wanafunzi, barua kutoka kwa maprofesa wa vyuo vingine wasiokujua, kisha wanaamua, unapata ajira ya kudumu au unafungasha. Kwa mtu wa fani moja ni kazi ngumu. Kwa mtu wa katikati ni ngumu na nusu. Mimi chuo changu cha kwanza niliajiriwa nusu idara hii nusu idara ile, nilifurahi sana nikaona ndo heshima yenyewe, kumbe nusu mbili zilikuwa zinazaa moja na nusu. Vikao vya huku na vya kule, kamati za huku na za kule, wanafunzi wa huku na wa kule. Na faili lilipofunguliwa, mjumbe mmoja wa upande wa fasihi akaandika kwamba kazi yangu ni nzuri ila ni ya historia, na mmoja wa upande wa pili akaandika ni nzuri ila ni ya fasihi. Sikupata. Nililia wiki mbili, sitakuficha, nikapiga simu nyumbani nikamwambia mama narudi, akaniambia rudi ukitaka lakini usirudi kwa sababu ya barua ya mtu. Nikaomba kazi kwingine, chuo kidogo zaidi, na hapo nikawa nimejifunza kuuliza mapema, kwa maandishi, idara ipi ndiyo inashika faili langu, nani anasaini, na barua za nje zitaombwa kwa watu wa fani gani. Wakikujibu "tutaona mbele ya safari," mdogo wangu, hapo simama kwanza.

Kwa sasa hivi, kabla hujasaini hiyo ofa, waandikie uwaulize mambo haya. Posho ni ya miaka mingapi, na kiangazi inalipwa au inakatika, maana miezi mitatu bila hela kwenye mji wa watu ni mirefu. Bima ya afya imo? Wanafunzi waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi sasa hivi, wangapi wanafundisha, wangapi wamekwenda kwingine. Idara inayojiheshimu itakupa majibu bila kununa. Na ongea na wanafunzi wenyewe, wa mwaka wa nne na wa tano, wale wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kufika.

Nitakula? Miaka ya masomo utakula, kwa kubana. Baadaye, ukweli ni kwamba kazi za kudumu za uprofesa kwenye masomo haya zimepungua tangu mdororo wa 2008 na hazijarudi, nisikudanganye ukaja kunilaumu. Lakini wenzangu niliosoma nao walioko makumbusho, kwenye hifadhi za nyaraka, kwenye mashirika ya uchapishaji na kwenye taasisi zinazotoa ruzuku wanakula vizuri tu, na hii elimu ya kusoma kitu kimoja kwa macho ya fani tatu ndo iliyowapa hizo kazi. Nenda ukijua mlango wa uprofesa ni mwembamba, na toka mwaka wa pili uwe umeshaanza kuugusa mlango mwingine, kiangazi kimoja makumbusho, kingine kwenye maktaba ya nyaraka.

Na kuhusu kwamba utapotelea kwa watu usahau kwenu, naona hujaliuliza wazi ila najua baba analiwaza. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Kiafrika ikae katikati na nyingine zifuate kuizunguka. Hilo nalo ni swali la mipaka ya idara, na waliliuliza watu wetu, hapa hapa, miaka 30 kabla chama cha American Studies hakijaanza kubishana kama jina lenyewe linafaa. Ngũgĩ akaja kufundisha miaka mingi California. Mwalimu wetu Micere Mugo akafundisha Syracuse, kwenye idara ya masomo ya Waamerika weusi, na hakuna aliyemsikia akisoma mashairi yake aliyedhani ameisahau Kirinyaga, kwao Kenya. Huendi kutembea kwenye kichaka kipya, njia ipo.

Na Kiswahili chako usikiache uwanja wa ndege. Kwenye zile barua za karne ya 19 za watu wa Salem waliokaa Zanzibar, humo ndani mna maneno yetu yameandikwa kwa masikio ya Kimarekani, majina ya vitambaa, ya vipimo, ya watu, yamepinda pinda. Wasomi wengine wanayapita au wanategemea maelezo ya mtu. Wewe utayasoma kwa sauti na utasikia.

Fanya hivi wiki hii. Andika swali lako, lile linalokukwama, kwa Kiswahili, sentensi moja au mbili tu, umsomee baba. Usimtajie American Studies wala nadharia, swali tu. Akikuuliza "enhe, halafu?" basi una tasnifu. Ukipata nafasi nitumie na mimi nilione. Na ukifika upande ule wa Massachusetts, karatasi za Waters na za wenzake ziko maktaba ya Phillips, mji wa Rowley, siyo Salem tena, walihamisha. Weka miadi kabla ya kwenda, beba sweta kwa sababu vyumba vya nyaraka ni vya baridi, na beba penseli, maktaba za namna hiyo kalamu ya wino unaiacha nje.